Kikoa cha Wasafiri: Mlo wa Marafiki wa Kale katika Pwani ya Waswahili

Wanafunzi wengi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na neno kikoa kwa mara ya kwanza wanaposoma Utendi wa Fumo Liyongo, na aghalabu hulipita upesi wakikimbilia mishale na makoma. Mwalimu akiulizwa maana yake hujibu kwa maneno mawili, “kula pamoja,” kisha somo likaendelea. Jibu hilo si la uongo, ila limepunja. Watu hula pamoja arusini, matangani na katika bwalo la chuo, na hakuna hata mojawapo ya milo hiyo inayoitwa kikoa.

Makala haya yanadhamiria kulirejelea neno hilo na kulihusisha na jambo lililokuwa, na ambalo lingali, sehemu ya maisha ya watu wa Pwani: msafiri kufika mji wa mbali, akampata rafiki yake wa miaka mingi, wakala chakula kizuri pamoja. Ni desturi ya kila anayeandika juu ya mlo wa namna hiyo kuutia katika kapu moja na ukarimu wa Mswahili, kana kwamba hakuna zaidi la kusemwa. Ukarimu, hata hivyo, ni wa mwenyeji kwa mgeni. Mlo wa marafiki wa kale ulikuwa shirika lenye kanuni zake, na kanuni kuu kati ya hizo ilikuwa zamu.

Kikoa na bia

Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana sana kimaana na ambayo yanafaa kutofautishwa. Kula bia ni kula kwa kuchangizana. Kila mmoja hutoa fungu lake, chakula kikanunuliwa, kikapikwa, kikaliwa, na mambo yakaishia hapo. Kula kikoa ni kula kwa zamu: leo huandaa huyu kwa ajili ya wote, kesho yule, mpaka mzunguko utimie na uanze upya.

Tofauti iliyopo kati ya maneno haya haihusu chakula bali wakati. Katika bia, hesabu hufungwa siku iyo hiyo. Mtu anapoinuka mkekani hadai wala hadaiwi. Katika kikoa, kila anayeinuka ama ameshatoa zamu yake na anazingojea za wenzake, ama amekula za wenzake na yake ingali mbele. Deni hilo halimtii mtu aibu, kwa sababu ndilo linalomrejesha mkekani. Majirani wa mtaa mmoja huweza kuumaliza mzunguko kwa juma moja. Lakini pindi mmoja wao anapokuwa Lamu na mwenzake Unguja, zamu hurefuka ikawa ya mwaka mzima, na anayeipanga si mtu tena bali upepo.

Pepo mbili

Kaskazi huvuma kati ya mwezi wa Desemba na Machi, takriban. Ndio upepo ulioleta majahazi kutoka Oman, Hadhramaut, Ghuba ya Uajemi, India na pwani ya Wasomali, yakiwa yamesheheni tende, papa mkavu, mazulia na vyombo. Kusi hufuata kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, nao ndio uliowarejesha mabaharia makwao wakiwa na boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji, pamoja na nafaka na bidhaa nyinginezo. Aliyetia nanga Mombasa mwezi wa Januari hakuwa na njia ya kurudi kaskazini kabla upepo haujageuka. Alikuwa mkazi wa mji kwa majuma kadhaa, pengine miezi.

Hali hii ingalikuwapo katika karne ya 20. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri katika jahazi la Kuwait mnamo 1938 na 1939 hadi Unguja na Rufiji, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1940 jinsi watu wa chomboni walivyokula wali na samaki kwa mikono kutoka sinia za pamoja. Waliposhuka pwani, basi, hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuketi na wenyeji wao. Sinia ya jahazini na sinia ya barazani zilikuwa na adabu moja.

Ushahidi wa zamani zaidi umo katika maelezo ya Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier nchini Moroko, aliyefika Mogadishu mwaka 1331. Anasimulia kwamba chombo kilipokaribia bandari, vijana wa mji walikwenda kukilaki kwa mashua, kila mmoja akiwa amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kuwa huyo ndiye mgeni wake. Kuanzia hapo mfanyabiashara alilala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji akamuuzia na kumnunulia bidhaa. Biashara iliyofanywa bila mwenyeji kuwapo haikuhesabiwa kuwa halali.

Wengi waliosoma habari hii huisifu sahani na kuishia hapo. Lakini Ibn Battuta anaongeza jambo moja dogo, nalo ndilo lenye uzito kwa mjadala huu. Msafiri aliyekuwa amekwishaufikia mji huo mara nyingi, akawajua watu wake, hakufungwa na utaratibu wa sahani. Yeye alishukia alikotaka. Kwa maneno mengine, chakula kilichofunikwa kilikuwa cha mtu asiyejulikana. Rafiki wa zamani hakuhitaji kupelekewa chakula baharini kama chambo. Alijua mlango wa kuubisha.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara bali mwanachuoni, kwa hiyo alipelekwa kwa kadhi na kwa mtawala, kisha akakaribishwa katika nyumba ya wanafunzi (jambo litakalowafurahisha wasomaji wa jarida hili). Huko aliletewa wali uliopikwa kwa samli katika sahani kubwa ya mti, juu yake pakiwa na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Paliletwa pia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyoambatana na achari ya ndimu, pilipili iliyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Mtu wa Mombasa au Lamu akiisoma orodha hiyo leo hatajiona mgeni, ijapokuwa atatafuta muhogo na asiupate, kwani muhogo, mahindi na hata pilipili hizi kali tunazozijua vilivuka bahari kutoka Amerika baada ya karne ya 15. Ibn Battuta hakukosa kuwatania wenyeji wake pia: alidai kwamba mmoja wao alikula kiasi cha kulisha kundi zima la watu wa kwao.

Jembe la siku ya tatu

Mgeni huyo aliletewa chakula mara tatu kwa siku, kwa muda wa siku tatu, na siku ya nne, iliyokuwa Ijumaa, akapewa mavazi ya kuvaa kwenda msikitini. Hapa msomaji hawezi kuepuka kuikumbuka methali inayojulikana kila mahali Kiswahili kinaposemwa: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Methali hii hufunzwa shuleni kama onyo kwa mgeni mvivu, na hutumiwa na wenyeji waliochoka kama njia ya heshima ya kumfukuza mtu. Tafsiri hizo zina mashiko. Lakini ukiiweka methali katika mji ambao mgeni hukaa hadi upepo ugeuke, maana nyingine inajitokeza. Nyumba gani ingeweza kumwandalia mtu wali wa samli kwa miezi mitatu? Kumpa jembe si kumwonyesha mlango, kwa sababu mtu anayefukuzwa hapewi chombo cha kazi. Hupewa mzigo wake. Jembe hupewa mtu wa nyumbani. Siku ya tatu, kwa hiyo, ndiyo siku mgeni anapoacha kuwa mgeni na kuingizwa katika zamu. Msafiri masikini, ajapokuwa sultani, ndivyo wasemavyo wahenga, na njia ya heshima ya kumwondolea umasikini huo ni kumwacha naye atoe.

Rafiki wa kale hufika akiwa ameshavuka siku mbili hizo miaka mingi iliyopita. Hiyo ndiyo sababu haji mikono mitupu. Huja na pakacha la tende, au na halua ya Maskati iliyofungwa vizuri, au na papa mkavu ambaye harufu yake humtangulia mlangoni. Chakula hicho huitwa zawadi, lakini kinatenda kazi ya kikoa: msafiri ameianza zamu yake kabla hajaketi. Mwenyeji naye hatakuwa na haja ya kumwonyesha fahari. Atamwandalia kile anachokijua kuwa mwenzake anakipenda, maana amekwishakula naye. Uzuri wa chakula hicho hautokani na gharama, bali na kumbukumbu ya mwandalizi.

Chakula kinaweza kutolewa kwa wingi bila urafiki wowote kuwapo. Vasco da Gama alipofika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, mfalme wa mji alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Haukupita muda, watu waliogelea usiku wakajaribu kukata kamba za nanga za merikebu zake. Huko Malindi alipokelewa vyema zaidi, akapelekewa kondoo na viungo, lakini mfalme alipomwalika nyumbani kwake Da Gama alikataa kushuka, akisema bwana wake hakumruhusu. Walionana majini, kila mmoja katika chombo chake. Wanahistoria wamelieleza tukio hilo kwa misingi ya siasa na biashara, na wana haki. Kwa jicho la kikoa, hata hivyo, kilicho wazi ni kwamba chakula kilisafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine na hakuna aliyeketi.

Kikoa cha makoma

Turudi sasa kwa Liyongo. Katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo anaishi mwituni miongoni mwa Wasanye na Wadahalo, wakati mtawala anayemhofia amewaahidi watu hao fedha ili wamwue. Hawana nguvu za kumkabili waziwazi. Wanachofanya ni kumwalika katika kikoa. Vyakula vinaliwa kwa zamu, kisha wanapendekeza kikoa cha makoma, matunda ya mti mrefu wa jamii ya mikindu. Kila mmoja atapanda siku yake na kuwaangushia wenzake. Siku ya Liyongo itakapofika naye akawa juu, mikono imeshika shina, watampiga mishale.

Njama hii haiwezi kueleweka ikiwa kikoa ni “kula pamoja” tu. Inategemea zamu. Wale waliotangulia kupanda wamemfanyia Liyongo jambo la kumfaa. Amekula makoma yao. Sasa heshima inamdai apande. Hawezi kukataa bila kulivunja shirika. Mtunzi ameitwaa kanuni iliyo njema, inayowafanya marafiki waaminiane hata ugenini, akaigeuza kuwa kamba ya mtego, na hadhira ya Lamu iliyoijua kanuni hiyo bila shaka ilisisimka zaidi kuliko msomaji wa leo. Liyongo naye hajiokoi kwa kususia kikoa. Anaitimiza zamu yake kikamilifu: anasimama chini ya mti na kuyaangusha makoma kwa mishale yake, wenzake wakala. Deni limelipwa na mtego umeteguka.

Utendi huohuo una mlo mwingine unaostahili kutajwa. Liyongo akiwa kifungoni, mama yake anamletea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada. Walinzi hukitwaa chakula kizuri na kumwachia mfungwa kilicho duni. Ndiyo maana tupa za kukatia minyororo zinafichwa ndani ya mkate wa wishwa, ambao hakuna mlinzi atakayeutamani. Hao ni watu wanaokula cha mtu bila kula naye.

Kuna methali inayoonekana kuyapinga yote yaliyosemwa hapa: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Kwa mujibu wake, urafiki wa sinia huishia kwenye sinia, na siku ya shida ni damu pekee itakayobaki. Ni methali yenye uchungu wa kweli, na bila shaka ilisemwa mara ya kwanza na mtu aliyeachwa. Lakini kisa cha Liyongo hakiiungi mkono. Wala naye walijaribu kumwua wakashindwa. Aliyemwua kwa sindano ya shaba kitovuni alikuwa mwanawe wa kumzaa.

Sinia na ukoko

Adabu za sinia zinajulikana, nazo hazihitaji maelezo marefu. Watu hunawa, huketi kuizunguka, hutaja jina la Mungu, hula kwa mkono wa kulia, na kila mmoja hula upande wake bila kuvuka mpaka wa mwenzake. Mwenyeji humega minofu ya samaki na kuisogeza mbele ya mgeni, wala hauinui mkono wake kabla mgeni hajashiba. Kahawa chungu na kipande cha halua hufuata.

Linalovutia ni jinsi adabu hizo zinavyolegea kati ya marafiki wa kale. Mgeni hula kilichowekwa mbele yake na kukisifu. Rafiki huuliza kiko wapi kile kingine. Mgeni haombi ukoko. Angeuomba, mwenye nyumba angefedheheka kwa kudhani wali haukutosha. Rafiki wa miaka 20 huulizia ukoko kabla wali haujapakuliwa, na huletewa ukiwa umebanduliwa chini ya sufuria, mkavu, wenye tui lililokaukia humo na harufu ya moto. Ukitaka kujua kama msafiri fulani ni mgeni au ni mwenyewe, mtazame anachokiomba.

Haifai, hata hivyo, kulisifu sinia bila kuuliza lilikotoka. Mazungumzo mengi juu ya baraza, kahawa na usuhuba wa Waswahili humhusu mwanamume, naye husimuliwa kana kwamba wali ulijipika. Rafiki wa bwana aliyeshuka jahazini bila taarifa alikuwa kwa bibi ni nazi za kukuna, mchele wa kuchagua na kuni za kuongeza. Zamu ya mume ilikuwa kazi ya mke. Si kwamba wanawake hawakuwa na shirika lao. Walikuwa na kikoa chao ndani ya nyua na jikoni, walipikiana nyakati za arusi na uzazi, na waliosafiri kutoka mji mmoja hadi mwingine kwa shughuli hizo waliwakuta masomo zao wakiwangoja. Lakini kikoa hicho hakikupata mtunzi wa kukitia katika utendi, na wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu wangefanya vyema kuwaendea bibi zao kabla hawajachelewa.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, shairi la mwanzoni mwa karne ya 19, anaomboleza majumba ya Pate ambamo madaka yaliyopambwa kwa vyombo vya kaure yamekuwa mahali pa ndege kulelea makinda. Shairi hilo husomwa kama funzo juu ya ubatili wa dunia, na ndivyo lilivyokusudiwa. Pamoja na hayo, vyombo vilivyokuwa madakani vilikuwa vya watu kuonana, na mtunzi anayalilia makutano yaliyonyamaza kadiri anavyoulilia utajiri uliotoweka.

Kila mtu na bili yake

Safari za leo hazingoji kaskazi. Tangu mwaka 2017 garimoshi la reli mpya humchukua msafiri kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa saa chache, na rafiki anaweza kufika asubuhi, akala mahamri na mbaazi, na akaondoka jioni ya pili. Marafiki wengi waliosoma pamoja hukutana mkahawani badala ya nyumbani. Kila mmoja huagiza sahani yake: huyu biriani, yule samaki wa kupaka, mwingine chipsi. Bili ikiletwa hugawanywa.

Wapo wanaolia kwamba huu ni ugeni ulioletwa na miji mikubwa. Kilio hicho hakina msingi wa kutosha. Kugawana bili ni kula bia, na bia ni ya kale kama kikoa, la sivyo lugha isingekuwa na neno lake. Ina manufaa yake pia. Humlinda asiye na kazi asilemewe na zamu asiyoiweza, na humwezesha mwanafunzi kuketi na wenzake waliokwishaajiriwa bila kujiona mnyonge. Aidha, humpumzisha yule bibi mwenye nazi za kukuna. Kuna jambo moja tu ambalo bia haiwezi kulifanya. Marafiki wanapoagana mlangoni mwa mkahawa, kila mmoja ameshalipa chake, hakuna kilichobaki kati yao cha kuwakutanisha tena isipokuwa hamu, na hamu ya watu wenye shughuli nyingi husahaulika.

Huduma ya M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, imeirahisisha bia kupita kiasi. Msafiri aliyeandaliwa chakula na rafiki yake huko Likoni au Malindi anaweza kuituma nusu ya gharama akiwa bado kituoni anangojea gari. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema. Na wako watu wa Pwani ambao, wakipokea fedha hizo, huzirudisha papo hapo, kisha wakampigia simu mtumaji na kumwuliza, kwa sauti ya kutania iliyo na uzito ndani yake, ni lini basi watakwenda kwake kula.